Barafu ya Kilimanjaro Iko Ohio. Hamira Zake Ziko Wapi?

Katika biashara ya samaki wa kufugwa kuna kifaa kidogo kinachofanana na upepeo wa mkononi. Kila ubawa una rangi yake, kuanzia waridi hafifu hadi wekundu uliokolea, na kila rangi ina namba, kutoka 20 hadi 34. Kinaitwa SalmoFan. Mnunuzi hukifungua kando ya mnofu wa salmoni, akalinganisha, akasoma namba, ndipo mazungumzo ya bei yakaendelea. Wengi hudhani nyama ya salmoni ni ya waridi kwa maumbile tu. Sivyo. Salmoni wa baharini hupata rangi hiyo kwa kula vijikamba na viumbe wengine wa jamii hiyo. Salmoni wa kufugwa Norway au Chile asipotiliwa rangi kwenye chakula, mnofu wake hutoka wa kijivujivu, na samaki wa kijivujivu dukani hana mnunuzi, hata awe mtamu namna gani.

Rangi yenyewe ni astaksanthini, mmoja wa ukoo mkubwa wa kemikali uitwao karotenoidi. Ukoo huo ndio unaozipa karoti, embe, nyanya na viazi lishe rangi zao. Wanyama, isipokuwa wachache sana, hawana uwezo wa kutengeneza karotenoidi, inabidi wazile. Kifaranga wa heroe, yule ndege ambaye watalii humwita flamingo, huanguliwa Ziwa Natron akiwa wa kijivu, na uwaridi wake humjia polepole kutokana na vijimea vya majini anavyovichuja kwa mdomo. Mayai nayo ni hivyo hivyo. Mama ntilie yeyote wa Dar es Salaam anajua kwamba kiini cha yai la kienyeji ni cha manjano iliyokolea, na cha yai la kisasa mara nyingi hutoka kimepauka. Wateja hulilipia la kienyeji bei ya juu wakiamini lina nguvu zaidi. Tofauti ya rangi inatokana na majani na wadudu anaowadonoa kuku wa kienyeji, na mahindi meupe anayolishwa mwenzake wa bandani. Mfugaji anayeijua kazi yake huchanganya mahindi ya njano au majani makavu ya lusina kwenye chakula, na wateja wakaridhika bila kuuliza swali.

Basi astaksanthini ya kulisha mamilioni ya salmoni inatoka wapi? Sehemu kubwa hutengenezwa viwandani kwa malighafi zinazotokana na mafuta ya petroli. Sehemu nyingine hutoka kwa mwani mdogo uitwao Haematococcus. Chanzo cha tatu ni hamira. Si hamira ya kuumulia maandazi, bali ndugu yake mwenye rangi, aliyezoea baridi, na habari zake zinazihusu nchi zenye milima mirefu kama Tanzania, Kenya na Uganda kuliko wengi wanavyodhani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa hamira Herman Phaff, Mholanzi aliyehamia Marekani na kufundisha Chuo Kikuu cha California kule Davis, alizunguka milima ya Japani na pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini hadi Alaska akitafuta kitu ambacho wapita njia hukiepuka: ute unaochuruzika kwenye majeraha ya miti. Katika nchi za baridi, mti wa majani mapana ukijeruhiwa wakati wa machipuko, majimaji yake yenye sukari hutiririka juu ya gome, yakachacha, yakawa utelezi uliojaa bakteria, kuvu na hamira. Phaff alizaliwa katika familia iliyokuwa ikitengeneza mvinyo wa matunda katika mji wa Winschoten, na huenda ndiyo maana harufu ya uchachu haikumkera.

Ndani ya utelezi huo yeye na wenzake walipata hamira yenye rangi kati ya chungwa na waridi, yenye tabia ya kushangaza. Hamira nyingi zenye rangi ya namna hiyo haziwezi kuchachusha sukari, hii iliweza. Mwaka 1976 wataalamu Miller, Yoneyama na Soneda waliipa rasmi jina la Phaffia rhodozyma kwa heshima ya mgunduzi wake. Mwaka huo huo Phaff na wenzake wakatangaza kwamba rangi yake kuu ni astaksanthini, ile ile ya salmoni na kamba.

Hakuna aliyetajirika siku hiyo. Hamira ilivyotoka porini ilikuwa na mikrogramu 200 hadi 400 tu za rangi katika kila gramu ya hamira kavu. Kilo moja ya chakula cha salmoni ikihitaji miligramu 50 za astaksanthini, mfugaji angelazimika kuichanganyia gramu 125 hadi 250 za hamira, yaani hadi robo ya chakula chote iwe hamira. Haiwezekani. Ilibidi watafiti wakae na hamira hiyo kwa miaka, wakiipiga miale na kuitia kemikali ili ibadilike, kisha wakichagua kwa macho vile vidoa vilivyokolea zaidi kwenye visahani vya maabara, mpaka wakapata mbegu zenye rangi mara nyingi zaidi ya ile ya porini. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu Phaffia itumike kutia rangi chakula cha salmoni mwaka 2000. Kuanzia ute ulipokwanguliwa kwenye gome hadi kibali kupatikana, ilipita zaidi ya miaka 30.

Miaka hiyo 30 ndiyo inayopaswa kutazamwa. Katika miaka ya mwanzo hamira ile ilikuwa imekaa tu ndani ya chupa, kwenye hazina ya vijidudu ya Davis ambayo leo inabeba jina la Phaff na ina maelfu ya aina za hamira. Kulikuwa na mtu aliyeilisha, akaihamisha kutoka chupa kuukuu kwenda mpya, akaandika kwenye lebo mahali ilipotoka na mti wake. Hakuna wizara ambayo ingeweza kuonyeshwa faida ya kazi hiyo mwaka 1970. Salmoni wa kufugwa hawakuwa biashara kubwa, na neno astaksanthini lilijulikana kwa wanakemia wachache. Hata hivyo, mahitaji yalipokuja, hamira ilikuwepo, ina jina, na ina mahali pa kuulizwa.

Hoja ya makala haya ni kwamba Afrika Mashariki inapaswa kuanzia hapo hapo: kwenye chupa na lebo. Kiwanda kinaweza kusubiri. Barafu haisubiri.

Kwanza ifahamike kwa nini baridi na rangi hufuatana. Chembe hai yoyote imezungukwa na utando wa mafuta. Baridi ikizidi, utando huo hukakamaa, kama mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa asubuhi ya kipupwe ilhali ya alizeti yanabaki majimaji. Hamira za baridi hujiokoa kwa kuongeza kwenye utando wao mafuta ya aina ile ya pili, yasiyoganda upesi. Tatizo ni kwamba mafuta hayo huharibiwa haraka na oksijeni. Juu ya hilo, kilele cha mlima kina hewa nyembamba isiyozuia miale ya urujuanimno, na barafu huirudisha juu miale ambayo ingemezwa na udongo. Miale hiyo huigeuza oksijeni iliyo ndani ya chembe kuwa adui. Karotenoidi hukaa ndani ya utando wenyewe na kupokea pigo hilo kabla halijafika kwenye mafuta na vinasaba. Rangi ya hamira hizi ni ngao.

Si kila hamira ya baridi ina rangi, na si kila hamira yenye rangi hutoka kwenye baridi. Ule utando wa waridi unaoota kwenye pazia la bafu mara nyingi ni hamira ya Rhodotorula, isipokuwa pale unapokuwa bakteria wa jina jingine. Lakini anayetafuta karotenoidi huenda kwenye theluji kwa sababu nafasi ya kuzipata ni kubwa zaidi. Rhodotorula na jamaa zake wa Antaktika hutengeneza beta-karotini, ambayo mwili wa binadamu huigeuza vitamini A, pamoja na toruleni na torularhodini, rangi mbili za chungwa na nyekundu ambazo hazipatikani kwenye mimea ya shambani. Hamira zimekutwa hata kwenye udongo mkavu wa volkano ya Llullaillaco, mpakani mwa Chile na Argentina, zaidi ya mita 6,000 juu ya usawa wa bahari.

Zipo hamira zenye vituko. Sporobolomyces, mojawapo ya hamira za waridi zinazoishi juu ya majani, hurusha mbegu zake hewani kwa nguvu. Mtafiti akiigeuza sahani ya maabara juu chini usiku, asubuhi hukuta mbegu zimejipanga kwenye kifuniko katika umbo lile lile la mchoro aliouchora upande wa pili, kama kwamba hamira imejitazama. Kwa hiyo baadhi ya wataalamu huziita hamira za kioo.

Sasa turudi nyumbani. Msomaji wa Moshi hahitaji kusafiri hadi Alaska kutafuta baridi. Iko juu ya paa la nyumba yake. Kilimanjaro ina mita 5,895, Mlima Kenya mita 5,199, na kilele cha Margherita katika Rwenzori mita 5,109. Milima hii ina kitu ambacho Alaska na Antaktika hazina: jua la ikweta mwaka mzima. Kule kwenye ncha za dunia baridi hudumu kwa miezi. Juu ya Kilimanjaro, mchana jua huchoma ngozi na usiku maji huganda, na kesho yake mambo ni yale yale, kila siku ya Mungu. Kijidudu kinachoishi hapo kinapaswa kustahimili kuganda, kuyeyuka na kuunguzwa ndani ya saa 24. Kama ngao ya rangi ina kazi popote duniani, basi ina kazi hapo.

Na hamira hazihitaji barafu yenyewe. Kuna mmea wa ajabu kwenye miteremko ya juu ya Kilimanjaro, Lobelia deckenii, ambao wapagazi wote wanaujua kwa umbo lake. Majani yake hujipanga kwa duara na kutengeneza bakuli la maji katikati. Usiku majani hujifunga na uso wa maji huganda, lakini chini ya kile kipande cha barafu maji hubaki majimaji, na kichipukizi kilicho ndani hakifi. Mwindaji wa hamira akiona kibakuli kama hicho hafikirii picha ya kuweka mtandaoni. Anafikiria kijiti chenye pamba safi. Ndani kuna maji, wadudu waliozama, chavua, mabaki ya majani, baridi ya usiku na jua la mchana. Kuna pia magome ya miseneko mikubwa, nekta ya maua ya juu ya mstari wa misitu, na udongo wa majivu ya volkano karibu na kreta ya Reusch.

Kuhusu barafu, hesabu inajulikana. Kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 iliutaja mlima huo pamoja na Mlima Kenya miongoni mwa sehemu za urithi wa dunia zitakazopoteza barafu zake ifikapo 2050. Rwenzori nayo iko njia hiyo hiyo. Mwaka 2014 timu ya watafiti wakiwemo Wajapani ilieleza jinsi ilivyokuta juu ya barafu ya Stanley, upande wa Uganda, vijidonge vya kuvumwani na udongo ambavyo havikuwahi kuelezwa kabla. Viumbe vinaelezwa kwa mara ya kwanza juu ya barafu ambayo yenyewe inaaga.

Kuna jambo linalochoma zaidi. Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ilitoboa barafu ya Kilimanjaro na kuchukua nguzo sita za barafu kwa ajili ya kusoma historia ya hali ya hewa. Ilikuwa kazi halali na yenye manufaa makubwa. Sehemu ya yale yanayojulikana kuhusu ukame wa kale wa Afrika Mashariki inategemea nguzo hizo. Zimehifadhiwa kwenye vyumba vya baridi huko Columbus. Siku barafu ya mwisho ya Kibo, kilele cha mlima huo, itakapoyeyuka, mabaki ya barafu ya Kilimanjaro yatakuwa Marekani. Si kosa la Thompson kwamba Columbus ilikuwa na vyumba vya baridi tayari. Ila mwanafunzi wa Arusha akitaka leo chupa ya hamira iliyotoka Kibo, ikiwa na lebo na tarehe, abishe hodi mlango gani?

Swali hilo lina upande wa fedha, na Kenya inaufahamu vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, likiwemo Bogoria. Baadaye vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya huko vikaingia viwandani, kwenye sabuni za kufulia na kwenye kazi ya kufifisha rangi ya jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza hadharani kudai fungu lake. Mjadala ulikuwa mkali na mgumu, kwa sababu kuthibitisha kwamba kijidudu fulani kilichomo ndani ya kiwanda fulani kilitoka kwenye chemchemi fulani ni kazi ya mawakili wa gharama. Mwaka 2007 shirika hilo lilisaini makubaliano na kampuni ya Novozymes ya Denmark ya kutafuta vijidudu kwa utaratibu na kugawana manufaa. Afadhali hiyo. Ila hesabu ya Bogoria ilianza vibaya kwa sababu aliyekuwa na chupa hakuwa mwenye ziwa.

Itazamwe Argentina. Katika misitu ya baridi ya Patagonia, Diego Libkind na wenzake wa mji wa Bariloche walikuwa wakitafuta hamira kama ile ya Phaff kwenye miti ya Nothofagus, na waliipata. Katika uwindaji huo huo walikutana na hamira nyingine ambayo mwaka 2011 walitangaza kuwa ni mzazi wa porini wa hamira inayotengeneza bia za lager duniani kote. Wakaiita Saccharomyces eubayanus. Kampuni ya Heineken ilipotaka kuitumia, ilibidi izungumze na taasisi ya utafiti ya taifa hilo, CONICET, na mwaka 2016 ikatoa bia iitwayo H41. Hamira ilikuwa imepatikana na Waargentina wenyewe, kwa hiyo mnunuzi alijua mlango wa kubisha. Inafaa kuongeza kwamba walioanza safari hiyo hawakuwa wanatafuta bia. Walikuwa wanatafuta rangi.

Sheria ipo. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014, inaitaka nchi inayochukua rasilimali za kibayolojia kupata ridhaa ya nchi zinakotoka na kukubaliana kuhusu mgawo. Kenya, Uganda na Tanzania zote ni wanachama. Lakini itifaki haiwezi kulinda kitu ambacho hakijaorodheshwa. Wakati wa kudai, karatasi yenye tarehe na chupa yenye lebo hushinda hotuba.

Je, soko la rangi lipo kweli? Lipo, na linakua kwa sababu watu wanaogopa rangi za viwandani. Januari 2025 Marekani ilifuta kibali cha rangi nyekundu ya eritrosini kwenye vyakula, na kuwapa watengenezaji hadi Januari 2027 kuiondoa. Ulaya tangu 2010 inataka vyakula vyenye rangi sita fulani za viwandani viandikwe onyo kwamba vinaweza kuathiri utulivu wa watoto. Karmini, nyekundu maarufu ya vipodozi na mtindi, hutoka kwa wadudu wa Peru wanaokaushwa na kusagwa, na walaji wengi wasiokula nyama hawaitaki. Waislamu wengi pia wana shaka nayo. Hamira haina damu wala mabawa, na hukua kwenye tangi kwa siku chache bila kuchukua shamba la mtu.

Hapo kwenye shamba la mtu panahitaji kusimamwa kidogo. Wakulima wa Kwale na Lamu wamekuwa wakipanda mzingefuri, ambao wao huuita bixa, na mbegu zake nyekundu huuzwa kwa ajili ya kutia rangi jibini, siagi na soseji. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazojulikana duniani kwa zao hilo. Rangi ya bixa nayo ni ya ukoo wa karotenoidi. Hamira ikianza kutoa rangi ya chungwa ya bei nafuu, wa kwanza kuumia hatakuwa tajiri wa kiwanda cha petroli. Anaweza kuwa mama wa Kwale anayeanika mbegu kwenye mkeka. Wanaoshabikia teknolojia hii hupenda kusema inawasaidia wote. Haitawasaidia wote, na mipango ya serikali izingatie hilo mapema.

Na kuna porojo za kuepukwa. Neno "asilia" kwenye lebo halimaanishi salama. Katika utafiti mkubwa wa Finland uliochapishwa mwaka 1994, wanaume 29,133 waliokuwa wavutaji sigara walishiriki, na waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Karoti kwenye sahani ni jambo moja. Dozi kubwa ndani ya kidonge ni jambo jingine. Rhodotorula, pamoja na uzuri wake, imewahi kuingia kwenye damu za wagonjwa mahututi wenye mipira kwenye mishipa. Wanaodhani karotenoidi za hamira zitapaka kanga rangi nao watulie: rangi hizi huyeyuka kwenye mafuta, hazishiki pamba ipasavyo, na jua huzifubaza. Mahali pake ni chakula cha samaki na kuku, vyakula vya watu baada ya vipimo, na vipodozi.

Kuhusu kiwanda, ukweli wa kifizikia unapaswa kusemwa wazi. Hamira ya Phaff hupenda nyuzijoto kati ya 18 na 22, na ikipita 27 hivi inagoma. Tangi la hamira inayokula sukari hutoa joto lake lenyewe, kwa hiyo kuliendesha Dar es Salaam au Mombasa kungekuwa sawa na kulipa bili ya umeme ya hoteli ili kupoza supu. Nyanda za juu zina nafasi nzuri zaidi. Chakula cha hamira kipo kwa wingi: molasi za viwanda vya sukari, kikiwemo cha TPC kilicho chini ya Kilimanjaro, zimejaribiwa kwingineko kulisha hamira za rangi na zinafaa. Lakini molasi hizo zina wateja tayari, wakiwemo watengenezaji wa pombe kali na wafugaji, na hakuna atakayeziacha kwa bei ya hisani. Mwekezaji anayekuja leo na michoro ya kiwanda cha astaksanthini cha Moshi aombwe hesabu zake kwanza, kisha aombwe subira.

Hazina ya vijidudu, kwa upande wake, ni nafuu kiasi cha kuwaaibisha wanaosema hakuna fungu. Kijiti cha pamba hugusishwa kwenye maji ya lobelia, kikafutwa juu ya sahani yenye agari na dondoo la kimea, pamoja na dawa ya kuzuia bakteria ili wasiwafunike wengine. Sahani hukaa kwenye nyuzijoto 10 hadi 15 kwa wiki mbili au tatu, kwa sababu hamira za baridi hazina haraka. Vidoa vya waridi na chungwa vinapotokea, kimoja kimoja huhamishiwa kwenye sahani yake, kisha kipande kifupi cha DNA chake husomwa ili kijulikane ni nani. Baada ya hapo hamira huchanganywa na maziwa yaliyoondolewa mafuta, hukaushwa kwa kugandishwa, na kufungiwa ndani ya kichupa cha kioo kilichoyeyushwa mdomo kwa moto. Kichupa hicho hukaa kwenye jokofu la kawaida na hamira ikabaki hai kwa miongo. Hakidai naitrojeni ya kimiminika, wala hakifi umeme ukikatika kwa siku mbili.

Ujuzi huo haupaswi kuagizwa kutoka nje. Chuo Kikuu cha Nairobi kimetunza kwa miaka mingi hazina ya bakteria wa rhizobia iliyoanza kwa msaada wa UNESCO, na kutokana nayo ikapatikana Biofix, ile dawa nyeusi ambayo mkulima wa maharage au soya huchanganya na mbegu kabla ya kupanda ili apunguze gharama ya mbolea. Vijidudu vilivyotunzwa chuoni hapo vimefika mashambani kwa njia hiyo bila makelele. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha iko umbali wa asubuhi moja tu kutoka lango la Marangu la kupandia Kilimanjaro, na Chuo Kikuu cha Sokoine kina maabara na watu.

Kinachobaki ni cha ofisini. Kila mtafiti wa kigeni anayepanda Kilimanjaro kuchukua sampuli hupitia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, na cha hifadhi. Upande wa Kenya hupitia NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, na KWS, lile Shirika la Wanyamapori. Kibali hicho kiwe na sharti moja la ziada, lisilohitaji sheria mpya: nakala ya kila kijidudu kilichooteshwa kutokana na sampuli hizo ibaki nchini, kwenye hazina yenye jina la mtu anayewajibika nayo, kabla nakala nyingine haijapanda ndege. Watafiti wa kweli hawatalipinga, kwa kuwa hazina nyingi za kwao zinawadai hivyo hivyo. Na Watanzania, Wakenya na Waganda wanaosomea mikrobiolojia watakuwa na kitu cha kufungua asubuhi.

Mwanzo mzuri ungekuwa safari moja ya msimu wa kiangazi, kati ya Julai na Septemba, kutoka kituo cha Horombo kwenda juu, ikiwa na wanafunzi wanne, sanduku la barafu na vijiti mia tano. Wapagazi wameshabeba mizigo ya ajabu kuliko hiyo.